Shibiri Kumi Kutoka Ardhini

Tarehe 3 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta kwenye benchi lako la kazi, penseli nyuma ya sikio, ukimtafuta aliyeiba penseli. Mimi sijambo. Ningepiga simu, ila wewe na simu hamjaelewana tangu zamani. Mashine ya kuranda imekula masikio yako miaka arobaini. Mara ya mwisho nilizungumza nawe robo saa nzima, nikaja kugundua kwamba ulishaiweka simu juu ya rundo la mbao ukaenda zako kunywa chai. Kwa hiyo naandika.

Neno lenyewe ni hili. Zimamoto wanachukua watu tena, na usaili ni tarehe 18 Mei. Kukimbia naweza, kupanda ngazi naweza, kubeba mpira wa maji begani naweza. Kilichoniangusha mwaka jana unakijua: lile bomba la kujivuta. Mwanamke anatakiwa ajivute mara tano, kidevu kipite juu ya chuma, bila kurusharusha miguu. Mimi nilijivuta mara moja na nusu, halafu nikabaki nimening'inia. Mkaguzi akaniambia, "Shuka, dada, hapa hatuaniki nguo." Watu wakacheka. Baba, mimi ni dobi wa hoteli, naanika nguo kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Maneno yale yaliniingia kuliko alivyodhani.

Mwezi wa saba natimiza miaka ishirini na sita, na wao mwisho wao ni ishirini na tano. Nikikosa safari hii, nimekosa moja kwa moja, na mashuka ya wageni yatanizeesha.

Nataka nijenge bomba langu mwenyewe hapa uani. Mama mwenye nyumba amekubali nichimbe mashimo mawili, kwa sharti kwamba nikiwa kazini yeye aanike mashuka yake juu yake. Niandikie vipimo na namna ya kulisimamisha lisiniangukie. Wewe ndiye fundi. Mimi ni mtoto wa fundi tu, na hiyo si kazi.

Halafu kuna jambo jingine. Shangazi aliniambia kwenye simu kwamba mwezi wa kumi na moja uliteleza ukaumia mkono. Alianza kueleza vizuri, kisha akakatisha ghafla kama mtu aliyekanyagwa mguu. Umepona?

Mwanao,
Kijiti


Tarehe 12 Februari

Kijiti wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, maana shangazi yako alikuwa amesimama nyuma yangu na mwiko mkononi na alikuwa hataki kuondoka.

Yule mkaguzi usihangaike kumjibu kwa mdomo. Utamjibu kwa kidevu.

Sasa sikiliza. Tafuta nguzo mbili za mbao ngumu, unene wake vidole sita kwa sita. Ukipigiwa porojo kwamba mbao laini ukiipaka mafuta inakuwa ngumu, ondoka dukani. Juu ya ardhi nguzo iwe na shibiri kumi, chini ya ardhi shibiri tatu. Kati ya nguzo na nguzo acha shibiri tano. Toboa kila nguzo vidole vinne kutoka kichwani, na tundu libane bomba. Bomba linalozunguka tunduni litakuchuna viganja. Bomba lenyewe liwe la maji, la chuma, lile zito. Ukilishika, kidole gumba kilale juu ya ukucha wa kidole cha kati. Likiwa nene zaidi ya hapo utachoka vidole kabla ya mikono.

Zege ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, tatu za kokoto. Simamisha nguzo kwa timazi, siyo kwa jicho lako, maana jicho lako nalijua. Ukishamwaga, liache siku saba, ulimwagilie maji asubuhi na jioni. Najua utataka kuning'inia siku ya pili. Usithubutu.

Usiniulize sentimita. Futi ni chombo cha watu wanaojitilia shaka. Milango yote ya mtaa huu nimeipima kwa mkono wangu wa kushoto, penseli kulia, na hakuna uliokataa kufunga. Isipokuwa wa mwalimu, wiki iliyopita. Tundu lake nililipima tangu mwezi wa kumi, shibiri tisa kamili, nikaandika kwenye ukuta wa karakana. Nimepeleka mlango, paka anapita chini yake bila kuinama. Mwashi aliyemjengea mwalimu lazima alirudi akachokonoa ule ukuta. Mafundi wa siku hizi!

Kuhusu mkono: ni mkwaruzo tu, umeshasahaulika. Shangazi yako akiona tone la damu anatafuta machela. Wewe shughulika na nguzo zako, na usije huku mpaka uwe na kofia ya zimamoto kichwani.

Baba yako,
Fundi


Tarehe 2 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Bomba limesimama! Nimechimba mwenyewe, nimekoroga zege mwenyewe, na siku saba nimezihesabu kama mfungwa. Timazi nimetumia, shahidi mama mwenye nyumba, aliyeleta kiti akaketi kuniangalia na kunipa maagizo ambayo sikuyaomba.

Siku ya nane nikashika bomba kwa mbwembwe zote. Miguu ikagusa chini.

Yaani nikining'inia inabidi nikunje miguu nyuma kama kuku aliyefungwa. Nimefikiri nikajua nilipokosea. Wewe umesema shibiri kumi, nami nikapima shibiri kumi, ila zangu! Nguzo zimekuja fupi. Mama mwenye nyumba amefurahi sana, anasema kimo hicho ndicho hasa alichokitaka kwa mashuka, na tayari ameyaanika. Asubuhi inabidi nipasue njia katikati ya foronya ndipo nifanye mazoezi.

Najua unachotaka kusema. Ningeweza kuinua mikono ukutani, nikaweka alama, nikamaliza. Au ningeazima futi. Lakini kila kitu nilicholalia, nilichokalia na nilichofungia mlango tangu nizaliwe kimepimwa kwa mkono wako, na mimi nataka na hiki kiwe hivyo. Basi fanya hivi: laza mkono wako juu ya karatasi, uupanue, uuzungushie penseli, unitumie. Nitaukata nipimie.

Nguzo fupi zinaongezwaje bila kung'oa zege? Na nipe maarifa ya kujivuta. Kwa sasa nafika mbili, na ya pili ni kwa kuomba Mungu.

Mwanao,
Kijiti


Tarehe 11 Machi

Kijiti wangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka shangazi yako akaja kuuliza kama nimepaliwa. Mtoto wa fundi kapima kwa mkono wake, kajenga kamba ya kuanikia nguo!

Mkono wangu huo hapo ndani ya bahasha. Karatasi tatu zimeharibika, vumbi la mbao limezidi mezani. Usiukunje.

Nguzo haing'olewi, inaungwa. Chukua kipande cha mbao ileile, kilale ubavuni mwa nguzo shibiri mbili nzima, ukibane kwa bolti mbili zinazopenya pande zote, na nati upande wa nje zisikuchane. Kisha hamishia bomba juu.

Kujivuta mimi sikujui, ila kushusha mizigo nakujua. Kabati likishushwa ngazini, kazi haiko kwa anayelivuta juu, iko kwa anayelizuia lisiporomoke. Panda kwenye kiti, anza ukiwa kidevu tayari kiko juu ya chuma, kisha ushuke polepole, ukikataa kuanguka. Hesabu mpaka kumi. Ukiweza kushuka vizuri, siku moja utapanda. Bandu bandu huisha gogo.

Huku kazi ipo, lakini dunia imeharibika. Nesi wa zahanati kaagiza kitanda. Nimempigia kitanda cha shibiri nane kwa tano, kama vitanda vyote nilivyopiga maishani. Kaja na malalamiko kwamba godoro linaning'inia miguuni. Nimemwambia amuulize mwenye kiwanda cha magodoro. Siku hizi wanayatengeneza makubwa ili watu wajione matajiri.

Baba yako,
Fundi


Tarehe 19 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Karatasi imefika haina kunjo, ahsante. Sasa niambie ukweli: huu mkono ni wa nani?

Nimeweka kiganja changu juu yake, kucha zangu zimetokeza nje ya mstari. Mimi! Unakumbuka nilipokuwa mdogo nilikuwa nakuja karakana naweka mkono wangu juu ya wako, unapotea wote, unaniambia, "Kijiti umekwenda wapi?" Nikipima kwa karatasi hii, bomba litashuka badala ya kupanda. Mama mwenye nyumba atapata mahali pa kuanikia soksi.

Bila shaka ulikuwa na kazi nyingi ukampa shangazi karatasi akajichora. Kama ni hivyo, msalimie, mwambie ana vidole vya kiungwana. Lakini nitumie wa kwako, Baba. Zimebaki siku sitini, na mimi bado nakunja miguu.

Kushuka polepole kunanitesa, kwa hiyo nadhani kunasaidia. Nimeshuka kwa hesabu ya saba.

Mwanao,
Kijiti


Tarehe 26 Machi

Kijiti,

Mkono ni wangu. Nimeuchora mwenyewe, mezani kwangu, kwa penseli yangu. Shangazi yako hakuhusika na hataki kuhusishwa.

Ukiona hautoshi, mtafute fundi mwenye futi.

Baba yako


Tarehe 3 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Nilidhani natania, kumbe nimekugusa pabaya. Unisamehe. Lakini wewe huwa hukasiriki ukitaniwa, unaongeza utani juu yake. Ndipo nikaketi kitandani nikaanza kufikiri.

Sanduku langu la nguo, lile ulilonipigia siku chache kabla sijaja huku. Nilikuwa nimesimama mbele yako. Ulilipima kwa sauti: "Moja, mbili, tatu, basi. Shibiri tatu kamili, Kijiti, maisha yako yote yaenee humu." Nimelivuta kutoka chini ya kitanda, nikalipima kwa karatasi yako. Moja, mbili, tatu, na vidole vitatu vimebaki.

Nimerudia mara nne. Mbao zikikauka hupungua kidogo, wewe ndiye uliyenifundisha. Haziongezeki.

Mwashi hakuchokonoa ukuta wa mwalimu. Godoro la nesi lina ukubwa uleule wa magodoro yote. Ulipima mlango mwezi wa kumi, ukaanguka mwezi wa kumi na moja, ukaupiga baada ya hapo. Njia ya mwongo ni fupi, Baba, na milango yake pia.

Nimelia, na nimekasirika vilevile. Miezi mitano unanificha, unaniandikia habari za magodoro! Na mimi nakuletea utani wa vidole vya shangazi.

Bomba nimelipandisha. Nilichukua uzi nikaupima urefu wa sanduku, nikaukunja sehemu tatu sawa, nikakata ufito wa urefu huo. Huo ndio mkono wako wa kweli, ulikuwa umelala chini ya kitanda changu muda wote. Kwa huo nimepima shibiri kumi, na sasa nining'iniapo miguu haigusi chini.

Niambie mkono umekuwaje. Niambie wewe, nisisikie kwa shangazi. Usiponijibu ukweli napanda basi.

Kijiti


Tarehe 10 Aprili

Kijiti wangu,

Umenikamata kwa sanduku nililolipiga mwenyewe. Hukumu gani itazidi hiyo.

Nilipanda juu ya ngazi kuziba bati la karakana, ngazi ikateleza. Nilitanguliza mkono wa kushoto. Kifundo kilivunjika, nikafungwa plasta wiki sita. Mfupa umeunga vizuri, sina ubishi na mfupa. Lakini plasta ilipotolewa vidole vilikuwa vimejikunja kama mguu wa kuku. Nesi akanipa mazoezi: finyanga donge la unga, tandaza kiganja mezani, vuta kidole kimoja kimoja, mara nne kwa siku. Nilifanya siku mbili. Siku ya tatu mteja akaingia akanikuta nafinyanga unga kama mtoto wa chekechea. Nikautupa.

Nikarudi kazini. Niliona uchungu, nikajua ni uchungu tu, utakwisha. Vidole nikavikandamiza mbaoni mpaka nikaona vimefunguka. Mwanangu, mtu hauoni mkono wake ukipungua, kwa sababu ndio anaopimia. Mlango ulipokuja mfupi sikuwaza mkono hata mara moja. Niliwaza mwashi. Kitanda kilipokuja kifupi niliwaza kiwanda. Barua yako ya sanduku niliisoma nimesimama, nikaenda ukutani palipoandikwa kipimo cha mwalimu, nikaweka mkono, nikauona haufunguki wote, nikakaa chini. Nimemtukana mwashi wa watu bure.

Sasa utauliza kwa nini sikukwambia. Mwaka jana homa ilinilaza, ukaacha mazoezi, ukapanda basi, ukaniuguza siku kumi na nane. Ulirudi kwenye usaili siku moja kabla. Watu wanasema ulianguka kwa sababu ya bomba. Mimi najua aliyekuangusha, nilikuwa nimelala kitandani nakunywa uji wako. Nikaapa kwamba sitakuangusha mara ya pili. Shangazi yako nilimkanyaga mguu kweli, siku ile ya simu.

Hofu nayo ilikuwepo, sitasema uongo tena. Fundi asiyefungua mkono ni mzee tu aliyekaa na mbao.

Basi umejua. Nakuomba, usije. Zimebaki wiki tano na siku tatu, na umri wako haurudi nyuma. Ukija nitakufungia mlango, nao ni mmoja wa ile inayofunga vizuri.

Baba yako


Tarehe 2 Mei

Kijiti, mtoto usiyesikia,

Nilisema nitakufungia mlango. Nilisahau kwamba komeo la mlango ule linataka mikono miwili.

Umefika Jumamosi, umeondoka Jumapili, na katikati umenifanyia mambo ambayo bado sijayasamehe yote. Umetoboa miimo ya mlango wa karakana yangu kwa keekee yangu bila ruhusa. Umepitisha bomba kwa kimo cha kifua changu. Umepigilia ule ufito wa shibiri moja juu ya benchi langu kwa misumari miwili, na chini yake umebandika mkono niliokutumia, ili kila anayeingia aone. Mteja wa juzi kauliza ni nini. Nimemwambia ni mashindano.

Ukanipa na masharti! "Kila asubuhi mimi nikining'inia, na wewe unaning'inia. Nikiacha mimi, uache wewe." Kisha ukakimbilia basi. Umejifunza kwa nani ujeuri huo, nashindwa kuelewa, na shangazi yako anasema yeye haelewi kwa nini nashindwa kuelewa.

Basi nafanya. Navibandika vidole juu ya bomba, naegemea nyuma, nauacha mwili uvute. Siku ya kwanza machozi yalinitoka, nikasema ni vumbi. Shangazi yako anahesabu kwa sauti, mtaa mzima unajua nimefika ngapi. Jumanne nilikwenda zahanati kwa miguu yangu. Nesi akaniuliza, "Fundi, umekuja kwa ajili ya kitanda au mkono?" Nikasema vyote. Amenipa mazoezi mapya, na unga nafinyanga jikoni na mlango umefungwa.

Kitanda chake nimekirudia. Mlango wa mwalimu nao, na nimekwenda kwa mwashi kumwomba radhi. Hakujua hata kama nilimtukana, kwa hiyo ikabidi nimweleze tangu mwanzo, na alifurahia kila neno.

Nimenunua futi. Iko kwenye droo ya chini, chini ya misasa. Ukimwambia mtu nitakana.

Siku mbili zile ulipokuwa hapa hukufanya mazoezi. Nalifikiria hilo kila nikiegemea bomba. Jivute, mwanangu. Usishuke mpaka wakuteremshe.

Baba yako,
Fundi


Tarehe 21 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Shangazi naye akae, najua amesimama nyuma yako.

Mkaguzi alikuwa yuleyule, na kofia yake ileile. Aliniangalia usoni akatafuta alikoniona, akakosa. Nilishika bomba. La kwao ni nene kuliko letu, kidole gumba hakikufika kwenye ukucha, nikaogopa. Moja ikaja. Mbili ikaja. Ya tatu nikasikia mabega yanalia. Ya nne nikapanda, akasema, "Hiyo siihesabu, kidevu hakijapita." Nyuma yangu kuna mtu akacheka chinichini.

Sikubisha, kwa sababu nilikuwa sina hewa ya kubishia. Nilishuka polepole nikikataa kuanguka, kama kabati. Pale chini, mikono imenyooka, nilitaka kuachia. Sikuwaza kofia wala mashuka, Baba. Niliwaza kwamba saa hiyohiyo umeegemea lile bomba na shangazi anahesabu, na kwamba nikiachia utaacha. Nikapanda. Nikapanda tena. Sita kwa hesabu yangu, tano kwa yake. Ya mwisho nilikiweka kidevu juu ya chuma nikakiacha hapo mpaka akasema, "Basi, dada, nimeona."

Akaniuliza nimefanyia mazoezi wapi. Nikamwambia uani, katikati ya mashuka.

Majina yamebandikwa jana. Langu ni la saba. Mafunzo yanaanza tarehe 15 Juni, tutakaa bwenini miezi sita. Hotelini nimeaga. Bomba nimemwachia mama mwenye nyumba, amesikitika kidogo kwamba sasa liko juu mno kwa mashuka, ila anasema atatafuta kiti.

Siku mbili zile sikuzipoteza. Usizihesabu tena.

Mwanao,
Kijiti


Tarehe 4 Agosti

Kijiti wangu,

Marahaba. Barua yako ya mwezi wa tano imechakaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Mwalimu ameisoma, nesi ameisoma, mwashi amesomewa.

Leo sina maneno mengi. Mashine iko mezani inanisubiri, na nimepata kazi ya madirisha sita.

Ndani ya bahasha kuna karatasi yenye mkono wangu. Nimeichora mara moja tu, haikuharibika hata moja, pamoja na vumbi lote. Ule ufito wako juu ya benchi nimekataa kuulinganisha nao. Fundi hajipimi mwenyewe, hilo nimejifunza. Sanduku unalo. Pima wewe, uniambie ukweli hata kama ni mchungu.

Baba yako,
Fundi


Tarehe 12 Agosti, bwenini

Baba yangu,

Shikamoo. Nimelivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, wenzangu wanne wakashuka vitandani mwao kuja kuangalia, maana habari zako wanazijua zote. Nikapima, wao wakahesabu kwa sauti kama shangazi.

Moja. Mbili. Tatu. Na kidole kimoja kimebaki, chembamba.

Nimepima mara mbili na jibu ni hilohilo, kwa hiyo ni kweli. Kidole hicho endelea kukitafuta kila asubuhi, na mimi naendelea huku. Madirisha ya watu pima kwa futi kwanza. Sitamwambia mtu.

Wenzangu waliporudi kulala nilibaki nimekaa sakafuni. Nikaweka kiganja changu juu ya karatasi, nikakipanua chote. Hakikutokeza kidole hata kimoja.

Mwanao,
Kijiti